Siku Kumi na Tano za Bruxelles

Bruxelles, tarehe 3 mwezi wa tatu 2024

Mama yangu mupenzi,

Jambo sana. Habari ya nyumba, na magoti yako inasema nini? Mudogo wangu Bienvenu aliniambia unapanda ngazi ya kanisa pole pole kama muzee. Sisi tuko salama, mimi na Kambale bwana yangu, ni baridi tu haituachi.

Nakuandikia barua na kukutumia picha yake mu telephone, juu audio ninazokutumia zinasikiwa na mutaa wetu wote wa Majengo, na hii habari ni yako wewe kwanza. Niko na mimba. Mutoto atakuja katikati ya mwezi wa nane. Nataka ukuje, Mama. Siku kumi na tano tu, lakini ukuje unikande na maji ya moto, unionyeshe namna ya kushika mutoto. Hapa mutu anazaa leo, kesho kutwa wanamurudisha kwake, anabakia kuangaliana na bwana yake.

Shida unaijua. Wakati mama mukubwa Christa alinileta huku, niko na miaka kumi na moja, aliandikisha kwamba mimi ni mutoto wake wa kuzaa. Wewe na Papa mulikubali, juu kwetu mutoto wa dada yako ni wako. Sasa Christa amekufa, na kwa makaratasi ya hapa mama yangu ndiye yeye. Basi mu barua ya kukualika nimeandika kwamba wewe ni mama yangu mudogo. Kule Kinshasa, kwa ofisi ya visa, wakiuliza sema hivyo hivyo. Ukisema ingine wanaweza kuninyanganya haki ya kukaa huku.

Mutoto wako,
Clarisse


Goma, tarehe 20 mwezi wa tatu 2024

Clarisse mutoto wangu,

Nakusalimia kwa jina la Bwana. Magoti inauma lakini ni yangu, Bienvenu aache kunichongea. Yeye, Florent na Alliance wote wanakusalimia, wako wazima. Mabomu ya vita tunaisikia upande wa Sake, siku ingine hapana, tumezoea vibaya.

Niliposoma barua yako nilikaa juu ya mufuko wa makala ya kupikia, kikwembe niliyovaa ikachafuka yote, sikujali. Mimi kuwa koko, bibi wa mutoto wako. Nimeanza kutayarisha: samaki sambaza za kukauka, unga wa mutama wa uji, na fromage, ile jibini ya Masisi, kama njia itafunguka kidogo. Sasa nijibu. Harufu ya sambaza haitanifungisha kwa uwanja wa ndege? Na kwenu munapashia maji ya kukukanda wapi, ao watu wa gorofa ya juu watalalamika? Mama Igihozo, jirani yangu aliyefika Paris wiki moja na hajamaliza kuisimulia mpaka leo, ameniazima koti. Anasema kule ngazi inapanda yenyewe, mutu anasimama tu. Nikamwambia hiyo ndiyo magoti yangu ilikuwa inangojea.

Kuhusu ile neno, nimesikia. Mama mudogo. Hapa nani anajua jina yangu Léonie? Hata padri ananiita Mama Clarisse, na ni wewe uliniletea ile jina siku ulizaliwa. Lakini nitasema. Miaka kumi na tatu sijakugusa. Wakitaka niseme mimi ni jirani tu, nitasema.

Mama yako


Kinshasa, kwa Fortunat, tarehe 11 mwezi wa sita 2024

Clarisse wangu,

Jambo, na tumbo inaendelea namna gani? Nilifika salama. Kaka yangu Fortunat ananitunza vizuri, ananilisha kama mugonjwa. Ngoja nikuambie yote ya jana, usiisikie kwa mwingine.

Kwa ofisi ya visa waliniuliza Clarisse ni nani kwangu. Nikasema mama yake mudogo ni mimi. Wakauliza tena kwa njia ingine, nikasema tena, bila kutetemeka. Fortunat alinifanyisha mazoezi tangu asubui. Halafu yule mama wa dirishani akanipa fishi, karatasi ya kujaza, akasema: andika watoto wako wote walio hai, majina na tarehe ya kuzaliwa.

Ile hatukuifanyia mazoezi. Unajua kwetu mutoto aliye muzima haachwi wakati unahesabu watoto. Kumuacha ni kumuzika. Mukono wangu uliandika Clarisse wa kwanza, kama siku zote, mbele ya kufikiri. Nilipoona, nikashika bic nifute. Clarisse, nilishindwa. Nipige mustari juu ya jina lako, na uko na mimba? Nilikaa na ile bic mpaka yule mama akavuta karatasi mwenyewe. Akasoma. Akaniangalia, akaiweka pamoja na zingine.

Pengine hawatalinganisha na makaratasi yako ya kule. Pengine wako na karatasi mingi sana. Naomba Mungu wawe wavivu.

Mama yako


Bruxelles, tarehe 29 mwezi wa saba 2024

Mama,

Salamu. Mimi niko, tumbo iko.

Wamekatala visa yako, hiyo unajua. Leo imefika barua ingine, yangu mimi. Wananiita nijieleze mama yangu ni nani. Avoka, mwanasheria wangu, anasema wanaweza kurudi nyuma mpaka siku niliingia hapa.

Neno moja, Mama. Nilikuomba neno moja tu. Mwenye kusimama mbele yao na mimba ya miezi nane ni mimi, si wewe. Usiniandikie kwanza.

Clarisse


Goma, tarehe 1 mwezi wa nane 2024

Clarisse,

Umesema nisiandike, lakini nitafanya nini? Nilienda kwa padri. Nilienda kwa ofisi ya hapa, wakaniambia mambo ya kule yanamalizikia kule. Fortunat alirudi kwa lile dirisha kuomba ile karatasi, wakamwambia haitoki tena. Nikitoka, nazunguka soko bila kununua kitu, narudi. Nimekutia mu shida mimi mwenyewe na siwezi kuitoa. Unisamehe kama unaweza. Kama hauwezi, ule vizuri, ulale.

Mama yako


Bruxelles, tarehe 27 mwezi wa nane 2024

Mama,

Jambo. Wote huko wako wazima?

Mutoto alizaliwa tarehe 16, mwanamuke. Kwa Wanande, kabila ya Kambale, mwanamuke wa kwanza anaitwa Masika, yeye hakuacha hata tujadiliane. Iko na paji ya uso yako. Kambale alipasha maji, akanikanda huku anaangalia video mu telephone, akaniunguza. Nililia, akafikiri ni juu ya maji. Nilikuwa nakukasirikia na nakutaka, vyote pamoja.

Sasa sikiliza. Avoka amepata njia, na ni moja tu. Uandike barua kwa mukono wako: ulikosea kwa fishi, mama yangu ni Christa, na utaje watoto wako uliozaa. Itaingia mu dosie yangu kwa ofisi yao, itabakia hapo. Uniandikie kama mama mudogo anaandikia mutoto wa dada yake, usiongeze kitu. Na mpaka watakapomaliza tusiandikiane ingine, wanaweza kuomba telephone yangu. Avoka anasema miaka miwili, pengine zaidi.

Najua ninakuomba nini. Ningekuwa na njia ingine singekuomba hii.

Mutoto wako,
Clarisse


Goma, tarehe 9 mwezi wa kenda 2024

Kwa Clarisse, mutoto wa marehemu dada yangu,

Ninakusalimia. Ninatumaini uko salama, pamoja na bwana yako na mutoto. Sisi huku tuko salama.

Mimi Léonie M'Mushagalusa, mukaaji wa Goma, katiya Majengo, ninaandika barua hii kwa mukono wangu, bila kulazimishwa na mutu. Tarehe 10 mwezi wa sita, Kinshasa, niliandika vibaya kwa fishi ya visa. Nilikuwa nimechoka na safari, nikachanganya majina. Clarisse alizaliwa na dada yangu Christa, Mungu amupumuzishe. Mimi nilimulea tu miaka kidogo, kwa kumusaidia dada yangu.

Watoto niliozaa, walio hai, ni watatu. Wa kwanza ni Bienvenu. Wanaomufuata ni Florent na Alliance. Sina mwingine.

Mama yako mudogo,
Léonie