Shikamoo Niliyompa Mwenye Koti

Ijumaa, baada ya kula

Haya, sare ziwe lazima! Nasema mimi niliyezipinga ofisini mwaka mzima. Leo mkuu wa shule aliruhusu nguo za nyumbani, nikashangilia kuliko wanafunzi.

Asubuhi getini nilimwamkia mzee mmoja wa koti refu na kofia. Akaitikia marahaba, akapita. Baadaye akaja binti mfupi wa kitenge.

"Umechelewa! Chukua ufagio, fagia uwanja!"

Akafagia wote. Kisha akaniuliza mwanawe yuko darasa gani. Mwanawe! Nikaomba radhi, nikampokonya ufagio.

"Usijali, mwalimu. Nilidhani ni zamu yangu ya nguvukazi ya wazazi, kama tulivyochimba msingi wa darasa kule kijijini Bukiriro."

Nikamwita mwanawe. Akatoka kidato cha pili, na koti la baba yake, na kofia.

Jumatatu, akiwa ndani ya sare, atanirudishia shikamoo yangu.