Idhini ya Kumwozesha Zuhura

Busia, Jumanne jioni

Mdogo wangu mpendwa Athumani,

Nakusalimu wewe na wote waliomo nyumbani kwetu Malindi. Je, goti la mama limepungua maumivu? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio uliobanwa.

Nilikuahidi kwamba ningefika kabla ya Ijumaa nimwozeshe binti yangu Zuhura. Sitafika, na kosa ni langu.

Wajua kwamba natunza kompyuta kuu, inayoendeshwa kwa mfumo wa Unix, katika ofisi ya wakala wa forodha. Nyaraka za malori zimo katika diski zake mbili. Nilipoziandikisha diski hizo katika kompyuta, nilizitaja kwa mpangilio wa kukaa kwake, ya kwanza na ya pili, badala ya namba ya utambulisho ya kila moja. Jumamosi karani alichomeka diski nyingine, kisha umeme ukakatika. Kompyuta ilipowashwa, mpangilio ulikuwa umebadilika. Ikazitafuta diski zake, isizione, ikagoma.

Foleni ya malori ikarudi nyuma kuelekea Tororo, ng'ambo ya mpaka. Opio, dereva kutoka Mukuju karibu na Tororo, anayepeleka ndizi Malindi, alinichungulia dirishani kila saa.

"Mzee, hiyo mashini nakataa tu? Ndizi yangu naiva. Mimi pia naiva."

Jana niliandika namba sahihi. Diski ya kwanza ikafunguka, malori yakaanza kuondoka. Ya pili ilijeruhiwa na ule umeme. Iko katika ukaguzi usioruhusu kukatizwa. Tajiri wangu, mwenye ofisi, akasema, "Mzee, hutoki mlango huu mpaka ifunguke." Ningembishia, lakini hakuna mwingine aijuaye kazi hii. Miaka yote sikumfundisha mtu. Ukaguzi hautaisha kabla ya Ijumaa; basi la leo limeondoka adhuhuri, nami nimekaa mbele ya kioo cha kompyuta.

Kadhi hakubali idhini kwa maneno ya simu. Kwa hiyo mimi, Salim bin Omari, nakuweka wewe, ndugu yangu Athumani, kuwa wakili wangu, umwozeshe binti yangu Zuhura kwa mchumba wake, kwa mahari aliyoitaja binti mwenyewe. Imamu na muadhini wa hapa wametia sahihi nyuma ya karatasi hii kama mashahidi.

Opio ndiye atakayekuletea barua hii. Amesimama hapa mlangoni: "Andika mbio, Mzee. Mimi nakwenda, wewe nabaki."

Nisalimie mama, dada yetu mkubwa, na mke wangu, ambaye tangu jana hapokei simu yangu. Utakapoingia chumbani kumwuliza Zuhura ridhaa yake, mpe kwanza karatasi hii aishike.

Kaka yako,
Salim