Kilo Mbili za Mwanzo

Jumatatu, 1 Desemba

Sijamwambia mtu yeyote hili, hata rafiki yangu Nekesa: kila jioni, wakulima wakishaondoka na Mzee Barasa akienda kunawa vumbi, mimi hutundika vitu vyangu kwenye mizani ya magunia ya Baba. Nguo, sufuria, kamba. Leo nimetundika hata mswaki, ambao niliukata mpini jana. Najua ni ujinga.

Safari ni Ijumaa ya wiki ijayo, sikukuu ya Jamhuri. Siku tatu kwa baiskeli: Eldoret hadi Iten, kushuka bonde la Kerio, kupanda hadi Kabarnet, kurudi. Hakuna gari la kutufuata. Kila mtu anabeba chakula chake, malazi yake, viraka vyake vya tyubu. Kiprono, mwanafunzi wa chuo kule Kesses anayetuongoza, ametoa sharti moja. Mzigo usizidi kilo kumi, chakula ndani, maji nje. Anayezidisha habaki na wenzake kwenye mlima, na hakuna wa kumsaidia. Sharti zuri. Napenda sharti lenye namba.

Mizani haihisi vitu vidogo. Koti la mvua: mshale haukusogea. Shuka: haukusogea. Jiko nililotengeneza kwa kopo la soda: haukusogea. Basi nitapima vyote pamoja, kama gunia.

Mchana kazi yangu ni hiyo hiyo, ila ni mahindi. Tangu nimalize kidato cha nne Baba amenipa kazi ya kusoma mshale hapa stoo, anakonunulia mahindi ya wakulima. Mzee Barasa anatundika, mimi nasoma kwa sauti, Baba anaandika. Ndiyo kazi pekee inayonifanya nipaze sauti mbele ya watu.

Jumatano, 3 Desemba

Nimemaliza kushona mifuko. Turubai jepesi la bluu, cherehani ya Mama. Mmoja unakaa katikati ya fremu, mmoja chini ya kiti, mmoja unafungwa kwenye usukani. Sindano tatu zimevunjika. Mama hajajua.

Hema nimeliacha sokoni. Lilikuwa zuri, mtumba safi, lakini lina vyuma. Badala yake nimechukua karatasi ya nailoni ya kuanikia mahindi. Naiegemeza kwenye baiskeli, kamba mbili, vigingi vinne, nimelala. Nimejaribu uani. Kuku waliingia kabla yangu.

Blanketi hapana, shuka mbili ndiyo. Unga wa uji, njugu, sukari nguru. Pampu, gundi, tyubu moja. Agano Jipya lile dogo badala ya Biblia nzima. Nimeomba msamaha.

Mama anaongeza. Nikigeuka tu, anaongeza. Chupa ya chai. Sweta la pili. Mayai ya kuchemsha kumi. Natoa, anarudisha. Eti watu watasema ametoa mtoto nyumbani kama anayefukuzwa. Nimekasirika mpaka nikanyamaza, ndivyo ninavyokasirika. Chupa ya chai nimeishinda. Sweta na mayai vimenishinda.

Jioni nimetundika vyote. Kilo tisa na nusu. Nimesoma mara tatu. Nimemwandikia Kiprono. Akajibu kwamba wengine wote bado wako juu ya kumi. Nimefurahi kupita kiasi.

Alhamisi, 4 Desemba

Magunia thelathini na nane leo. Koo limekauka.

Mama Selina, mjane wa Sugoi, alileta tisa kwa pikapu ya kukodi. Baba aliniambia niende nikanywe chai, atasoma mwenyewe. Mama Selina akakataa. "Wacha huyu msichana asome. Macho yake hayajajua uongo." Watu wakacheka. Niliona haya, nikasoma. Alisema alidhani magunia yake ni mazito kuliko hivyo. Baba akamwambia mahindi hukauka njiani. Akakubali. Ataleta yaliyobaki Jumatano.

Nilijisikia vizuri siku nzima kwa hayo maneno yake.

Jumamosi, 6 Desemba

Siku mbaya. Nitaandika haraka.

Tulikutana Kesses kukagua mizigo. Kiprono ana mizani ndogo ya kushika mkononi. Nekesa alipata kumi na robo, akaambiwa atoe viatu vya kanisani. Nani hubeba viatu vya kanisani Kabarnet? Watu walicheka, hata yeye.

Kisha mzigo wangu. Kumi na moja na nusu.

Alipima tena. Kumi na moja na nusu.

"Dada, si ulisema tisa na nusu?"

Nilisema ndiyo.

"Kwani ulipima ukiwa umeushikilia?"

Wakacheka tena, na safari hii haikuwa kicheko cha viatu. Sasa nina jina. Tisa na Nusu, leta pampu. Tisa na Nusu, una miaka mingapi, ama hiyo pia umepunguza? Nekesa naye alicheka. Njiani akaniambia alicheka kwa woga tu.

Mmoja hakucheka. Chelagat, mwanafunzi kutoka Sugoi. Alinitazama, akasema polepole, kama mtu anayesoma ubao: "Si ni kwenu mnanunua mahindi pale Langas? Basi ndivyo mnapima."

 Jibu nimelipata baada ya kufika nyumbani, halina kazi tena. Mizani yao ni kitu cha kuchezea. Ya Baba ni ya chuma, imenizidi umri. Anajua nini huyo Chelagat? Baba ni mzee wa kanisa.

Nina hadi Alhamisi kupunguza. Nipunguze nini? Kilo ambazo hazipo?

Jumapili, 7 Desemba

Baada ya ibada niliomba ufunguo wa stoo, nikasema nimesahau kitabu.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tulifundishwa kidato cha kwanza. Nilijaza chupa ya lita mbili, nikaitundika. Nilitaka kupiga picha nimpelekee Kiprono, aone aibu.

Mshale haukusogea.

Chupa mbili, yaani kilo nne. Mshale ukasimama kwenye mbili. Chupa tatu, mshale kwenye nne.

Nilishusha zote nikaanza upya. Nilipanda juu ya gunia nikachungulia nyuma. Spring imevutwa kwa skrubu. Pale sifuri kuna kipini kidogo kinachozuia mshale usirudi nyuma, ili ukiutazama uone umetulia mahali pake, mwaminifu kabisa. Kilo mbili za mwanzo hazihesabiwi. Za mtu yeyote.

Haikuwa kwamba mizani haihisi vitu vidogo.

Kila gunia. Kilo mbili. Na aliyesoma kwa sauti mbele ya watu ni mimi.

Jumatatu, 8 Desemba

Magunia arobaini na moja. Niliyasoma yote. Baba aliniambia mara mbili nipaze sauti. Kila mkulima aliponiambia asante, mtoto mzuri, nilitaka sakafu inifunike.

Nilimuuliza Mzee Barasa kama anajua. Alitazama mikono yake. "Binti, mimi nabeba tu."

Jioni nimetengeneza mizani yangu. Mpini wa jembe, kamba katikati, umening'inia kwenye boriti ya jikoni. Upande mmoja chupa tano za lita mbili. Upande wa pili mzigo wangu. Nimetoa sweta la pili, spana kubwa, mayai, taulo, unga robo. Mzigo ukainuka. Kumi kasoro kidogo. Kilo za kweli. Mizani ya chuma imeshindwa na jembe.

Nimemwandikia Kiprono. Amejibu nije Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi, atapima mwenyewe. Na aliongeza alama ya kucheka.

Jumanne, 9 Desemba

Nimemwambia Baba. Tulikuwa tunafunga stoo. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi kwa sababu najijua. Sikuisoma. Nilisema tu kwamba nimepima maji.

Hakukana. Hilo ndilo limeniumiza. Nilikuwa nimejiandaa akane, nimwamini.

Alisema mahindi yana unyevu, yana mawe, panya wanakula, na hakuna anayemfidia. Nilisema mawe huchekechwa na unyevu una kipimo chake. Nafikiri hakuna siku nimewahi kumjibu hivyo. Akasema bila hasira:

"Hizo kilo mbili ndizo zilikusomesha."

Kisha akasema kesho nitasoma kama kawaida, la sivyo nisahau Kabarnet.

Mama alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka. Baadaye akaniambia kila stoo barabara hii hufanya hivyo. Kwa hiyo wakiiba wote inageuka kuwa desturi? Na nani alimwomba anisomeshe kwa mahindi ya Mama Selina? Ningeulizwa ningekataa. Sikuulizwa.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Kulikuwa na Mzee Barasa wa kusoma. Kulikuwa na yeye mwenyewe. Alinichagua mimi kwa sababu nina haya, na mtu mwenye haya anaaminiwa. Hata ile chai ya Alhamisi sasa naielewa. Alijua Mama Selina atakataa. Ametumia uso wangu kama alivyotumia kile kipini pale sifuri.

Jumatano, 10 Desemba

Mama Selina alifika saa tatu. Magunia saba. Mawili yalikuwa yameshashushwa aliponiita nije kwenye mshale.

Nilibaki ukutani.

"Sitasoma leo, Mama."

Sauti ilitoka ndogo sana. Aliuliza mbona, ninaumwa? Nilitikisa kichwa. Nilitaka kumwambia kila kitu, hata mdomo niliufungua.  Badala yake nilimtazama Baba. Baba akatazama daftari lake. Mama Selina alimtazama yeye, akanitazama mimi, akaitazama mizani, na nikaona anavyoelewa, polepole, kama mtu anayemenya kitu.

Akamgeukia dereva. "Rudisha juu."

Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walikuwa wawili. Nao wakaondoka. Hakuna aliyegombana. Afadhali wangegombana.

Baba hakunipiga, hakunifokea. Alichukua baiskeli yangu kwa mkono mmoja, na mifuko yake yote, akaifungia stoo.

Ijumaa, 12 Desemba

Wameondoka.

Nekesa alipita alfajiri. Baba alikuwa ameniruhusu nitoe mifuko tu. Nilimpa Nekesa karatasi yangu ya nailoni na jiko la kopo, kwa sababu vyake ni vizito na nilishavipima vyangu vyote. Aliuliza nini kimetokea. Nikasema Baba amekataa. Ni kweli, lakini ni kweli iliyokatwa mpini.

Kiprono ameandika: Pole Tisa na Nusu, mlima si wa kila mtu.

 Maisha yake yote ataamini kwamba nilidanganya uzito, kisha nikaogopa. Naweza kujisafisha kwa sentensi moja. Sentensi hiyo ina jina la Baba ndani yake. Hii si haki. Nimekosa safari kwa kusema ukweli na bado mimi ndiye mwongo.

Nimeosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Jumapili, 14 Desemba

Nekesa ameandika asubuhi, wakianza kurudi kutoka Kabarnet. Mvua imenyesha, nailoni imeshika, wote wameionea wivu. Nilifurahi na nikaumia kwa wakati mmoja.

Tangu Jumatano wakulima wamepungua. Mzee Barasa ndiye anasoma. Baba hasemi na mimi, ananiambia Mama aniambie.

Baada ya chakula cha mchana alisema anaenda kuangalia panya stoo. Mama akanituma nimpelekee chai. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amesimama juu ya gunia na suti yake ya kanisani, mgongo kwangu, uso wa mizani umefunguliwa, bisibisi mkononi. Alikuwa anapumua kama mtu aliyebeba kitu. Alizungusha kidogo, akatulia. Akazungusha tena kidogo. Akatulia sana.

Nilirudi na chai. Nikamwambia Mama sikumkuta.

Jumatatu, 15 Desemba

Nimeamka mapema. Mzee Barasa alifungua stoo, akaenda kufagia uani. Nikatundika chupa ya lita mbili.

Moja na nusu.

Nilisubiri, nikidhani mshale bado unatembea. Haukuwa unatembea. Nilikaa juu ya gunia. Amerudisha kilo moja na nusu. Nusu imemshinda kuiachia. Nilitaka kucheka, kisha hasira ikanipanda upya, kisha nikamkumbuka juu ya lile gunia, na suti yake, akitulia vile.

Bisibisi ilikuwa dirishani. Skrubu ni nzito kuliko nilivyofikiri. Mzee Barasa aliingia, akaniona, akatoka akafagia tena pale alipokwisha kufagia. Nilizungusha mpaka mshale ukasimama kwenye mbili.

Saa mbili Baba alifika. Pikapu ya kwanza ilikuwa inaingia. Alivua koti, akafungua daftari, akaniambia mimi mwenyewe, si kupitia Mama: "Njoo usome."

Gunia la kwanza, tisini na moja. Nililiita kwa sauti. Alinyanyua kichwa kidogo, akautazama mshale. Akaandika tisini na moja.

Sijamsamehe. Mama Selina hajarudi, na sidhani atarudi. Lakini wewe, yeyote ambaye daftari hili litakuangukia mikononi, nakuomba neno moja. Ile nusu kilo usimwambie Baba. Acha aamini kwamba aliirudisha yote yeye mwenyewe.