Watani Niliowafukuza

Jumatatu, 3 Juni 1929
Nimesahihisha insha. Ramadhani ametoa karatasi tupu, ya tatu sasa. Alikuwa wa kwanza katika darasa la makarani. Tangu alipomzika mama yake mwezi uliopita, hasemi. Mwalimu Mkuu ameamuru: asipoandika Ijumaa, jina lake lifutwe.
Nilimwambia akamwone shehe, azungumze naye. Aliitikia kwa kichwa. Hakuninyanyulia macho.

Jumanne, 4 Juni
Hakwenda. Nimempa barua ya kumpelekea shehe. Ameirudisha haijafunguliwa. Wenzake wanasema alifika mlangoni kwa shehe, akageuka.

Jumatano, 5 Juni
Nimekwenda Buguruni kwa shangazi yake. Nilimwuliza kama watani walifika msibani kuchimba kaburi na kutania, kama ilivyo desturi.
"Walifika, tukawarudisha. Si wewe, Mwalimu, uliyetuandikia katika barua ya rambirambi kwamba nyumba ya msomi haiziki kwa mizaha?"
Kweli, niliandika. Mwaka juzi niliwafukuza watani walipokuja kumzika mke wangu. Sikulia siku ile, wala baadaye. Nilidhani ndiyo adabu.

Alhamisi, 6 Juni
Baada ya masomo nimempeleka Ramadhani sokoni Kariakoo kwa Mzee Masanja, muuza tumbaku. Yeye Mnyamwezi, sisi Wazaramo. Ni mtani wetu. Nilimweleza yote. Akamgeukia Ramadhani.
"Kumbe mama kafa, mkanificha. Mliogopa nitamaliza wali?"
Ramadhani aliinamia magunia ya tumbaku.
"Ningeumaliza. Kisha ningelala kaburini, nisitoke mpaka mnipe kanga zake zote. Na ile mbovu pia."
Ramadhani alicheka. Kicheko kibaya, kikageuka kilio, mbele ya wauza nazi. Masanja akaacha mzaha.
"Haya, mtani. Nieleze alivyokufa."
Akaeleza. Nilisogea kando.

Ijumaa, 7 Juni
Ameandika ukurasa mmoja. Makosa kumi na moja. Mwalimu Mkuu ameuona, jina limebaki. Nimemwambia Ramadhani arudi kwa Masanja kila Alhamisi. Ameitikia kwa sauti.

Jumapili, 9 Juni
Nimekwenda sokoni peke yangu. Nimenunua tumbaku. Mimi sivuti.
Masanja aliifunga polepole. "Mimi ulinifukuza kwa fimbo, Mwalimu. Mkeo hata kaburi sikumchimbia."
Nilikubali.
Alisogea, akaniachia nafasi juu ya gunia lake. "Alikuwa akikupikia nini?"
Nilikaa. Wachukuzi walipita na mizigo yao.
"Kisamvu," nikasema. "Alikitia chumvi mno."