Karatasi ya njano iliyogeuka kahawia

Jumatano, Kabambare. Tangu asubuhi mawingu tu, jua halikutoka hata kidogo. Mgongo unaniuma, mtoto mdogo mwishowe amelala, na mimi nina aibu ambayo nataka kuiandika kabla sijaanza kuipamba.

Jana alifika mgeni wa wizara. Si ya afya wala ya kilimo, hizo tunazijua. Ni ile ya utafiti wa sayansi na uvumbuzi, ambayo nilikuwa naisikia redioni tu, kwa Kifaransa kirefu. Kwenye bomba la maji wamama walicheka.

"Sayansi? Basi watatupeleka mwezini," akasema jirani yangu Mama Zawadi. "Watengeneze kwanza barabara ya Kasongo!"

Nami nilicheka.

Aliyefika ni mwanamke mmoja, Mama Julienne, nyuma ya pikipiki, matope mpaka magotini. Sanduku lake alilikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Hakuomba kiti. Alikaa kwenye mkeka wetu, akamwomba kila mama alete unga wake wa muhogo, kijiko kimoja tu.

Mtu ametoka Kinshasa kuja kuuliza unga! Mama Zawadi alikataa kuleta wake, akaenda zake.

Kila unga Mama Julienne aliutia kwenye kichupa na maji kidogo, akaning'iniza ndani kipande cha karatasi ya njano, akafunga, akaandika jina. Karatasi ikibaki njano mpaka kesho, alisema, unga uko salama. Ikigeuka kahawia, sumu ya muhogo bado imo.

Sumu hiyo ndiyo inaleta ule ugonjwa wa miguu. Tunaujua. Mtoto analala mzima, asubuhi anataka kushuka kitandani, miguu imekakamaa, na haipoi tena. Ng'ambo ya mto kuna msichana anatembea na fimbo tangu akiwa mdogo. Bibi yake alifukuzwa, eti ndiye aliyemroga.

Maskini bibi wa watu.

Leo asubuhi vichupa vilipangwa juu ya benchi. Vyote njano, vingine na wekundu kidogo. Kimoja tu kahawia, kama chai iliyozidi majani. Juu yake jina langu.

Naandika ukweli: kitu cha kwanza nilichofikiria hakikuwa watoto wangu. Nilifikiria kusema vichupa vimechanganywa. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

Lakini nilijua. Huu muhogo wetu mchungu unalala majini siku tatu, mpaka ukiufinya unavunjika. Wiki iliyopita mdogo alikuwa na homa, baba yao yuko Lusangi kwenye machimbo, nyumbani unga umekwisha. Niliutoa baada ya usiku mmoja, ungali mgumu, nikaukatakata, nikauanika, nikautwanga. Ulitoka mweupe, mzuri, kwa macho huwezi kujua. Na nusu yake nilimpa Mama Zawadi, yeye akanipa mafuta ya mawese.

"Ni wangu," nikasema mbele ya wote. "Ulilala majini usiku mmoja tu."

Mama Julienne hakunikaripia. "Asante, mama. Basi tutaanza na wako." Akaandika daftarini kila nilichosema, kama vile na mimi ni mwalimu.

Akamimina unga wangu kwenye beseni, akausawazisha, akachora kwa makaa mstari pale ulipofikia. Akatia maji akikoroga. Unga ukashuka, halafu ukapanda pole pole. Ulipofika tena kwenye mstari akaacha. Tukautandaza mkekani, mwembamba sana. Jua likiwaka unakaa muda wa saa mbili, kivulini ni saa tano, na sumu inaondoka na hewa. Ndiyo hayo tu. Mashine hakuna.

Leo, kwa mawingu haya, tulingoja zote tano. Neema wangu wa miaka minne alilia njaa. Nikampa ndizi, nikamwambia hapana, bugali haupikwi sasa. Akaninunia. Anune tu.

Bugali ulipoiva, Mama Julienne alikuwa wa kwanza kuula. Unga wangu mimi! Nilimtazama akimega tonge. Kumbe katika serikali hii kuna watu wanaamka asubuhi kufikiria beseni la mama wa Kabambare. Wangefika mapema zaidi, ndiyo. Yule bibi angekuwa bado nyumbani kwake. Lakini wamefika, na kwa barabara hiyo.

Nilimuuliza kuhusu watoto, maana wameshaula. Akasema siku chache si kawaida kuleta ugonjwa ule, ila niwatazame wanavyotembea, na nikiona kitu nikimbie hospitali.

Mama Zawadi aliporudi kutoka shambani nilikuwa mlangoni kwake. Nilimwambia yote.

"Weye!" akapiga kelele. "Mafuta yangu unakula, batoto yangu banakula sumu?"

"Ndiyo, yaya, dada yangu. Ni mimi nimekosa."

"Na ni ile ministeri ya mwezini ndiyo imekuambia?"

"Ndiyo hiyo."

Akawaita watoto wake mmoja mmoja, akawaambia watembee mpaka jikoni na kurudi, miguu wazi. Tukawa tunaangalia magoti, nyayo, vidole. Wote watano walienda sawa. Wa mwisho akacheza kabisa, akidhani ni mchezo.

Mama Zawadi akaingia ndani, akatoka na beseni na ule unga. Hakunitazama usoni.

"Onyesha. Na usitoke hapa mpaka tumalize."

Tuliutandaza pamoja. Jioni hii watoto wake wamekula viazi.

Kesho asubuhi, kabla sijawasha moto, nitakaa kando ya kitanda cha Neema, nimtazame akishuka.