Miti ya Kukingama

Jumatatu, 1 Agosti 1966
Nimekuna nazi, nimefagia ua, nimerudi kwenye hesabu za mnara. Nguzo nne za boriti, tangi la maji juu. Kaka Omari aliujenga mnara huu nyuma ya madrasa yetu hapa Msambweni. Mwezi uliopita ulimwangukia akitia udhu, ukamuua. Mama hali chakula.

Jumanne, 2 Agosti
Kisimani wanawake walinyamaza nilipofika. Mmoja alichelewa kunyamaza: "Boriti zenyewe vijiti vya mishikaki! Marehemu alipenda rahisi." Nawachukia. Baba naye hamtetei mwanawe. Asema labda mti ulikuwa mbovu.

Alhamisi, 4 Agosti
Nimeikata nguzo iliyovunjika kwa msumeno. Ndani nyekundu, nzima. Si ubovu. Nguzo ndefu nyembamba haipondeki. Hupinda ubavuni, ghafla, mti ukiwa bado na nguvu. Mwalimu wetu wa uhandisi Nairobi alisema ng'ambo zipo mashine zinazoigawa nguzo vipande vidogo, zikakokotoa kila kimoja, kisha zikaviunga. Mimi nina penseli. Vipande vinne tu. Miti ya kukingama, ile inayofungwa kutoka nguzo hadi nguzo, ikiwapo katikati, nguzo inalibeba tangi lililojaa. Ikiondolewa, uwezo unashuka hadi robo. Inapinda.
Kwenye kifusi miti hiyo haimo.

Ijumaa, 5 Agosti
Nimeiona. Imo katika banda la arusi kwa jirani, Bi Mwanasha, na alama za kamba za Omari. Kwetu jirani hanyimwi miti ya banda.
"Babako ndiye aliyetupa, Mungu amjaze kheri," kasema. "Kakako alikuwa Vanga."
Omari alirudi siku ile ile, akaenda kutia udhu. Hakuwahi kutazama juu.

Jumamosi, 6 Agosti
Nikisema, namvunja Baba. Nikinyamaza, Omari anabaki fundi mbovu. Sikula.

Jumapili, 7 Agosti
Nimesema. Nilisimamisha njiti ya ufagio, nikamwomba Baba aikandamize. Ikapinda. Nikaishika katikati kwa vidole viwili. Haikupinda. Alitazama vidole vyangu. Hakuuliza miti ilikwenda wapi.

Ijumaa, 12 Agosti
Baba alisimama msikitini baada ya sala. Mjomba ndiye aliyetusimulia. "Boriti za mwanangu zilikuwa nzima. Miti iliyozishika niliitoa mimi." Akaketi.

Jumamosi, 13 Agosti
Mama amekula kidogo. Nimefua kanzu ya Baba. Mfukoni nimekuta ile njiti.
Kanzu ilipokauka, nimeirudisha njiti mfukoni.