Kapu la Kufumua

Chumba cha ushonaji,
Nyuma ya stesheni ya zamani.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa shemeji,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, na kabla ya lolote nauliza hali yako. Kile kifua kilichokusumbua wakati wa mazishi kimepoa? Unakula chakula cha moto, au unashindia chai na mkate huko ghalani? Sisi hatujambo. Mguu wangu wa kushoto umeanza tena mambo yake, lakini hayo ni ya umri. Miezi minne imetimia tangu kaka yako atuache, na bado asubuhi naweka vikombe viwili mezani. Cha pili nakirudisha kabatini polepole, kama mwizi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilisoma nimesimama mlangoni, ya pili nikakaa. Unasema umehamia kwenye chumba cha ghala unakofanya kazi, umemwacha mkeo na mimba ya miezi saba, kwa sababu ulipiga ngumi mlango wa kabati karibu na kichwa chake. Unasema hutarudi, kwamba ni heri mtoto akue bila baba kuliko kuwa na baba kama wenu. Umeandika: "Mtoto wa nyoka ni nyoka, shemeji, nami nimeshajiona magamba."

Najua lilikoanzia. Siku ya mazishi uliingia uani umefunga mikono nyuma, ukapiga chafya tatu mfululizo, na jirani yetu fundi baiskeli akaropoka, "Jamani, mzee wao amefufuka." Watu wakacheka kidogo, maana msibani kicheko hutafutwa kama maji. Wewe hukucheka. Mama yenu mdogo alikuchukua ukiwa na miezi minane. Hukuwahi kumwona baba yako akitembea. Basi ukajiambia kwamba, kama chafya na mwendo vimekufuata bila wewe kuviona, basi na ile mikono yake iliyompiga mama yenu imekufuata pia.

Sitakudanganya. Damu moto mnayo. Kaka yako alikuwa nayo kukushinda, na tena alilelewa mle mle nyumbani kwa baba yenu, akayaona yote kwa macho yake. Damu na nyumba vyote vilimvuta upande mmoja. Ndiyo maana nakusimulia jambo ambalo hakupenda nilisimulie akiwa hai. Sasa atanisamehe.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu niliunguza kola ya shati la mteja. Akarusha pasi. Haikunigusa, ilibomoa kipande cha ukuta, na alama yake ipo mpaka leo nyuma ya kalenda. Nilikunja nguo zangu nikaenda kwa mama.

Siku ya tatu akaja. Hakuwa mtu wa maneno, unamjua. Alisimama mlangoni akasema, "Mama, sijui niifanye nini mikono hii."

Mama alikuwa na gunia la nguo kuukuu alizotaka kuzigeuza mapazia. Akalitupa miguuni pake, na wembe juu. "Mwanangu simrudishi kwa mrusha pasi. Kaa hapo kwenye ngazi ufumue. Ukikata kitambaa, nitajua."

"Na nikimaliza, mama?"

"Ukimaliza kuna gunia la pili. Haraka ya nini, una safari?"

Alifumua tangu asubuhi mpaka jua likainama. Hujawahi kushona, lakini nadhani utaelewa. Wembe unapita kati ya uzi na kitambaa, mahali pembamba kama unywele. Mkono wenye hasira hauwezi. Unatoboa nguo hapo hapo. Nguo mbili za mwanzo alizitoboa. Ya tatu aliitoboa kidogo. Jioni mama akakagua mshono mmoja mmoja kama mwalimu, akampa chakula, wala hakusema lolote juu yangu. Niliamua mwenyewe kesho yake. Nilimwambia kaka yako kwamba siku ya pasi ya pili sitakunja nguo, nitahama na cherehani.

Ya pili haikuja. Tangu hapo kapu la nguo za kufumua lilikaa chini ya meza yake. Damu ikichemka, alilivuta kwa mguu akainamisha kichwa. Sisi nasi tulijua: mwenye kapu hasemeshwi. Miaka ishirini na sita. Siku moja hasira ilimzidi akavuta nguo isiyo ya kapuni, akafumua koti la bwana harusi lililokwisha kunyooshwa, mikono yote miwili. Mwenyewe alipokuja kulichukua akakuta kizibao. Kaka yako alicheka hadi akashika ukuta, kisha tukakaa wote wawili kulishona upya, na bwana harusi kasimama juu yetu anahesabu dakika.

Sasa nikwambie la wiki iliyopita. Binti yetu, yule uliyempachika jina la Kidevu kwa kuwa kidevu chake ni cha babu yake mtupu, alinikuta nakunja mashati ya baba yake ili niyagawe. Uso ukamvimba, mshipa wa shingo ukasimama. Nikasubiri mlango ubamizwe. Kukawa kimya. Nilipochungulia, alikuwa kwenye kiti cha baba yake, kapu magotini, anafumua. Hakuna aliyemwagiza. Niliegemea ukuta nikalia, na safari hii haukuwa uchungu mtupu. Mashati nimeyarudisha sandukuni kwanza.

Mwalimu wake wa sayansi anawafundisha habari za vinasaba. Nilimwomba Kidevu amuulize kuhusu hasira, bila kukutaja. Akaleta jibu kwenye daftari: kwamba watu huzaliwa tofauti, wengine wepesi wa kuwaka, na wepesi huo unaweza kurithiwa, lakini hakuna kinasaba cha kumpiga mke. Mengine hutokana na kile mtu alichokiona, alichokizoea, na kilicho karibu na mkono wake. Mimi shule yangu ni ndogo, siwezi kuongeza wala kupunguza. Najua tu kwamba Kidevu alipata kidevu kwa babu asiyemjua, na kapu kwa baba aliyemtazama.

Na methali, shemeji, ni kama vifungo kwenye kopo; mtu huokota kinachoingia kwenye tundu lake. Waliosema mtoto wa nyoka ni nyoka ndio hao hao waliosema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Umechagua ile inayokuuma.

Sisemi haya ili ujione umepona. Nimemwandikia mkeo pia. Mkono wako ukimfikia hata mara moja, aje kwangu na mtoto, chumba kipo, na wewe utabaki nje. Akisema usiingie bado, usiingie. Lakini kwa kujificha huko ghalani umemwachia yeye kila kitu: mimba, ndoo za maji na kabati bovu. Anza na kabati.

Pamoja na barua hii utapokea furushi. Kaka yako alikukatia koti kabla hajaugua, kwa kipimo chake mwenyewe, maana alisema mabega yenu ni yale yale. Aliacha ameshona mkono mmoja. Wa pili nimeushona mimi, na mimi makoti siyawezi. Umekaa kinyumenyume, kiwiko kinatazama mbele. Nilishika wembe niufumue, nikauweka chini. Nimekuachia. Wembe uko mfuko wa ndani, nimeufunga kwa karatasi. Nenda navyo nyumbani, umwombe mkeo kiti cha kuweka nje ya mlango, ufumue taratibu. Kitambaa ni kizuri, usikitoboe.

Msalimie sana mama mdogo aliyekulea, na wenzako wa ghalani. Kidevu anakuamkia, anauliza kama mtoto atakuja na chafya tatu. Mama yangu siku hizi haoni vizuri, lakini nilipomsomea barua yako alisema nikwambie gunia la pili bado analo.

Mungu aipoze mikono yako, na amvushe mkeo salama.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kama alivyokupenda yeye.